Mtulivu wa Taifa

Hapo zamani za juzi, maana zamani za kale zimepigwa marufuku kwa tangazo nililolisoma mimi mwenyewe, palikuwa na nchi yetu. Jina lake silitaji. Si kwamba naogopa, la hasha. Ni kwamba linabadilishwa wiki ijayo na sitaki kuwachanganya. Mimi ni mpiga mbiu wa Wizara ya Utulivu na Kusahau. Hupanda nyuma ya pikapu na kipaza sauti changu, nikazunguka mitaani kuwaambia wananchi wanavyojisikia. Ni kazi ya heshima. Wengi wasingejua wanavyojisikia kama si mimi.

Nchi yetu haijawahi kuwa na vita. Nasema mapema, maana nyinyi mna maneno. Vita ni vya watu wasiostaarabika. Sisi tumekuwa na masokomoko. Sokomoko huja lenyewe kama mvua, ila hili huja na askari na viberiti. Palikuwa na Sokomoko la Kwanza, likaja la Pili, kisha Serikali ikachoka kuhesabu, ikatangaza Sokomoko la Mwisho. Baada yake likaja la Mwisho Kabisa. Likafuata la Mwisho Kweli Kweli. Hili la juzi, lililokula soko zima na mitaa ya bondeni, bado halijapewa jina kwa kuwa maneno yametuishia.

Kila likipita, Baba Mlezi, Mtukufu Mlinzi wa Usingizi wa Wote, hutoka ikulu kwa mdundo wa bendi na kutamka neno moja: "Yameisha!" Kisha kila nyumba iliyobaki, na hata zisizobaki, hugawiwa leso ya kijani iliyoandikwa AMANI IMERUDI. Leso hizo tunazo tele. Ndizo tunazofungia mafurushi.

Ee, mafurushi. Hapo sharti niwaeleze, la sivyo mtapotea.

Kwetu kila mtu mzima ana furushi lake, nalo halikai mbali na mkono. Ndani mna vitu vya safari ambayo hakuna aliyeipanga. Mtu haendi chooni bila furushi. Imamu huliweka kando ya mswala, padri huliweka nyuma ya altare, na hakimu hulikalia, ndiyo maana mahakimu wetu huonekana warefu sana. Golikipa wa timu ya taifa huliweka nyuma ya wavu, na kila watu wakishangilia hugeuka kulitazama kama lipo, mabao yakaingia. Wazazi wakienda kuposa hawaulizi kama binti anajua kupika. Huuliza fundo. Fundo zuri ni lile linalofungwa kwa mkono mmoja, mkono wa pili umebeba mtoto. Dada yangu Tunu aliolewa kwa fundo hilo.

Na kuna mwiko mmoja: furushi la mwenzio hulifungui. Unaweza kwa bahati mbaya kumkuta jirani anaoga, ukaomba radhi, mkacheka, yakaisha. Lakini furushi lake? Thubutu!

Mengine ni madogo madogo. Makande hatupiki, maana nani ana hakika ya kuwepo mpaka maharage yaive? Michungwa hatupandi, tunapanda mchicha. Hotelini watu hupigania viti vya ukutani vinavyotazama mlango, na meza za katikati huachiwa paka. Tunalala na viatu. Ukimwuliza mtu, "Habari za asubuhi?" hukujibu, "Bado." Watoto wetu wachanga hawalii. Wamekwisha jifunza. Wageni wakija, Wizara huwapeleka wodi ya wazazi kuwaonyesha ule ukimya, nami hutangaza kwamba hawa ndio watoto wenye adabu kuliko wote barani. Wageni hupiga makofi, na watoto wote hujificha uso kwa pamoja.

*

Taabu ilianza pale Baraza la Mataifa Yaliyopona lilipotangaza kwamba litakuja kututazama. Kama tumepona, tutaingizwa barazani, na Baba Mlezi atapewa kiti kinachozunguka. Kiti hicho alikuwa amekiona kwenye picha, akakipenda mno.

Waziri wetu, Mheshimiwa Profesa Bulugu (profesa wa nini sijui, nimekatazwa kuuliza), akamwita Daktari Siwatu. Huyu mama ndiye daktari pekee wa nyoyo katika nchi nzima. Zahanati yake iko kwenye bucha lililofungwa, na zile kulabu za nyama bado zinaning'inia juu ya wagonjwa. Mimi nilikuwepo nimeshika kipaza, endapo litatokea la kutangazwa.

"Daktari," akasema Mheshimiwa, "hawa watu wana nini?"

"Wameumizwa, Mheshimiwa. Wakaumizwa tena kabla hawajapona, na tena, na tena. Sasa miili yao haiamini kwamba yameisha."

"Si tumetangaza kwamba yameisha?"

"Mmetangaza mara nyingi sana."

"Basi?"

"Basi kila mkitangaza, watu wanakaza mafundo."

Waziri akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari, lilikuwa dari zuri tu.

"Haya, dawa yake nini?"

"Kwanza, wasichomewe nyumba."

"Hilo liko wizara nyingine. Nataka dawa ya wizara hii."

"Waachwe waseme. Wakae na wenzao, waseme yaliyowapata, wawataje waliowapoteza kwa majina. Pole pole mikono itaachia yenyewe."

Mheshimiwa akaruka kama aliyekalia siafu. "Waseme? Wakisema si watakumbuka? Mimi ni Waziri wa Kusahau, mama! Unataka nikalime?"

Daktari akachukua furushi lake akaondoka. Na kabla chai ya Mheshimiwa haijapoa, dawa ikapatikana. Itakuwepo Siku ya Kufungua. Siku hiyo kila mwananchi atalisalimisha furushi lake mbele ya wageni, kwa hiari, na asiyetaka kwa hiari atasaidiwa. Na ili wageni wajionee kwa macho, atatafutwa mtu mmoja aliyepona kuliko wote, avikwe nishani ya Mtulivu wa Taifa.

*

Sasa niwaambie habari za shemeji yangu Mbaruku, mume wa Tunu, maana ndiye mwenye hadithi.

Mbaruku alikuwa fundi mwashi, tena mwongeaji. Alikuwa anaongea yule mpaka udongo wa saruji unakauka kwenye karai, na mwenye nyumba anasahau kugomba kwa vile naye anasikiliza. Nyumba ya dada yangu ameijenga upya kila baada ya sokomoko, palepale, na kila mara huongeza dirisha moja, akisema, "Wakija tena, angalau tuwaone wanatokea wapi." Tukicheka naye.

Katika hili la juzi alirudi ndani ya moshi kumtafuta mtoto wao, Jaha. Akatoka mikono mitupu. Tunu alikuwa ameshikilia furushi la mumewe pale uani, ndani yake mna magauni ya Jaha, maana yeye Tunu ndiye aliyeyapanga. Mbaruku akalichukua, akakaa nalo mlangoni, akalipakata. Tangu siku hiyo hakulitua wala hakufungua kinywa. Ukimlisha anakula. Ukimwambia simama, anasimama. Lakini ukimwita ni kama unaita nyumba ambayo wenyewe wamehama. Mimi nilimpenda sana shemeji yangu, na nilikuwa sipiti pale mlangoni kwake ila nijitie kuwa na haraka.

Tunu akampeleka kwa Daktari Siwatu. Daktari akasema, "Usimnyang'anye. Kaa karibu naye, mtaje mtoto kila siku, wala usimlazimishe kujibu. Siku atakayolitua mwenyewe, hapo tutasema anarudi."

Dada yangu akakaa. Kila siku anamenya mihogo pembeni yake akizungumza: Jaha alipenda hiki, Jaha aliogopa kile, siku ile Jaha alivyomwita mbuzi wa jirani mjomba. Furushi likatoka mapajani likashuka mpaka kwenye nyayo. Kutoka kwenye nyayo likasogea hadi kwenye kizingiti. Baadaye likavuka chumba, likawekwa karibu na mtungi, na yeye Mbaruku akawa analitazama tu kwa mbali. Halafu mchana mmoja, katikati ya ugali, akasema, "Chumvi."

Chumvi, jamani! Tunu alilia mpaka akammwagia chumvi ya wiki nzima, chakula kikawa hakiliki, wakakila hivyo hivyo. Alikuja mbio kwangu kuniambia. "Anarudi, mdogo wangu. Mume wangu anarudi." Sijamwona dada yangu na uso ule tangu harusini kwake.

*

Tume ya kumtafuta Mtulivu wa Taifa iliongozwa na Bwana Tekelo, mtu mwenye tumbo la serikali na viatu vyake mwenyewe. Njia yao ilikuwa rahisi. Wanaingia nyumba bila hodi, mmoja anakwenda kisogoni kwa mwananchi na kugonga sufuria kwa mwiko, na wengine wanatazama. Asiyeshtuka ndiye aliyepona.

Mimi nilitangulia mbele na kipaza, nikitangaza kwamba wananchi wasishtuke, kwani tunakuja kuwashtua.

Lahaula, tuliyoyaona! Fundi cherehani aliruka na cherehani yake. Mwalimu mkuu alipatikana juu ya paa, na hadi leo hakuna anayejua alipandaje, kwa kuwa ngazi haikuwepo. Imamu na padri, waliokuwa wamegombana miaka mingi juu ya kelele za kengele na adhana, walikutwa chini ya meza moja wakiwa wameshikana mikono. Askari mmoja wa Tume yenyewe alizirai, na ni yeye aliyekuwa anagonga.

Kisha tukafika kwa dada yangu.

Mbaruku alikuwa amekaa mlangoni. Sufuria likagongwa nyuma ya sikio lake, puu! Hakupepesa jicho. Likagongwa tena. Kimya. Bwana Tekelo akamkanyaga kidole cha mguu. Kimya. Akainama, akamwambia kwa sauti ya kutangaza msiba, "Mzee, nyumba yako inaungua." Mbaruku akatikisa kichwa taratibu kukubali, kama mtu aliyeambiwa jua limechwa.

"Amepona!" akapiga kelele Bwana Tekelo, machozi yakimlenga. "Mabibi na mabwana, amepona kabisa! Hana woga, hana hasira, halalamiki, haulizi kitu. Raia wa namna hii tumemtafuta tangu uhuru!"

Tunu akatoka jikoni mikono ina unga. "Huyo ni mgonjwa! Mume wangu mgonjwa, nyinyi!"

"Mama, mgonjwa ni wewe unayepiga kelele."

"Ndiyo kwanza ameanza kurudi. Amesema neno moja. Mkimtia kwenye kelele zenu na kumnyang'anya lile furushi, mtamrudisha kulekule alikotoka, na mimi simwoni tena. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na nyinyi mnayaficha ya nchi nzima!"

"Amesema neno?" Bwana Tekelo akashtuka. "Neno gani?"

"Chumvi."

Tume ikateta pembeni. Ikaamua kwamba chumvi si neno la kisiasa, na mshindi ni yuleyule. Tunu akanigeukia mimi. "Na wewe! Umesimama hapo na bomba lako mdomoni. Sema kitu!"

Nikasema kitu. Nikatangaza mshindi, mtaa mzima ukasikia. Dada yangu alinitemea mate miguuni, akaingia ndani.

*

Siku ya Kufungua jua lilikuwa kali na bendi ilikuwa imevaa. Uwanjani tulijaa. Wageni wa Baraza la Mataifa Yaliyopona walikaa kivulini, kila mmoja na mkalimani wake, wakinywa madafu na kutabasamu kabla hawajaambiwa kitu cha kutabasamia. Malori ya jeshi yalipangwa langoni. Watu waliingia mmoja mmoja, wakapokonywa mafurushi, askari wakayarusha juu ya malori. Sijui niwaelezeje ule uwanja. Maelfu ya watu wamekaa, hakuna anayejua pa kuweka mikono. Wengine walishika masikio yao. Bibi mmoja karibu yangu alipakata kiatu chake.

Mbaruku akapandishwa jukwaani, amevalishwa suti ya ofisi, furushi lake amelikumbatia tena. Tunu akamfuata kwa nguvu, askari wakamwacha kwa sababu Bwana Tekelo alisema mke huleta sura nzuri. Baba Mlezi akamvika nishani kubwa kama kifuniko cha chungu. Kisha kwa mikono yake mitukufu akalishika furushi, akalivuta.

Mbaruku hakuliachia.

Baba Mlezi akavuta tena, akitabasamu kwa wageni. Askari wawili wakamkunjua shemeji vidole, kimoja baada ya kingine. Hakupiga kelele. Alitoa tu sauti ndogo kooni, nami niliyekuwa chini ya jukwaa niliisikia, na laiti nisingeisikia. Furushi likarushwa kwenye lori la mwisho. Wageni wakapiga makofi. Mbaruku akakaa kitini, mikono imebaki wazi mbele yake vilevile ilivyokunjuliwa. Tunu akapiga magoti, akaishika. Akawa anamwambia, "Tazama mimi. Mbaruku, tazama mimi." Alikuwa anatazama lori.

Malori yakaondoka kwenda kuchoma mafurushi kwenye uwanda wa mpakani, mbali na pua za wageni. Hapo ndipo lilipotokea lililotokea.

Ili kufika mpakani lazima upite Kichangani. Na watu wa Kichangani hawakuwa na habari ya Siku ya Kufungua, kwa kuwa betri nilizopewa na Wizara zilikuwa za maonyesho, zikazimika palepale nilipoingia mtaani kwao. Basi watu wamekaa barazani mwao, wanasuka, wanacheza bao, mara wanaona malori ya jeshi yanakuja mbio, yamejaa mafurushi hadi angani, na juu yake askari wanahimizana.

Mtu wa kwetu akiona furushi moja barabarani, anasimama. Akiona matatu, anavaa kandambili. Je, akiona malori? Hakuna aliyeuliza, "Kuna nini?" Swali hilo kwetu limewaua watu wengi. Kichangani nzima ikainuka. Wa mtaa wa pili wakawaona Kichangani wanakimbia, wakakimbia. Wa mtaa wa tatu wakawaona wa pili. Mbio zikazunguka mji zikirudi uwanjani kwa nyuma, na pale jukwaani Baba Mlezi alikuwa amefika kwenye moyo wa hotuba yake.

"Katika nchi hii," akanguruma, "hakuna tena anayekimbia!"

Langoni akatokea mwanamke anakimbia, kabeba mtoto na jogoo.

 Kisha bendi ikatupa matarumbeta. Uwanja mzima ukasimama na kumwagika nje. Askari wakaona raia wanakimbia, wakajua adui amefika, wakakimbia kuwapita. Majenerali wakawapita askari. Ndiyo maana ya cheo. Wageni wakakimbia pamoja na wakalimani wao, na mkalimani mmoja, mtu wa kazi kweli kweli, alikuwa anaendelea kutafsiri mayowe. Baba Mlezi akaingiza mkono chini ya kiti cha enzi, akachomoa furushi la leso ya kijani iliyochakaa, akakaza fundo kwa mkono mmoja kama alivyofundishwa na mama yake, akaruka jukwaa.

Jukwaani akabaki mtu mmoja na mkewe. Tunu anamvuta, Mbaruku hanyanyuki. Nikapanda. "Shemeji, twende." Hasikii. Basi tukamshika makwapa, mimi huku na dada huku, tukambeba kama anavyobebwa mlevi kutoka ngomani, nishani ikimpiga kifuani.

*

Mbio za nchi yetu hazina ramani, lakini zote huishia mpakani. Tulipofika tulikuta madereva wa malori wamekwisha kimbia, kwa kuwa walitazama nyuma wakaona taifa zima linawafuata. Walikuwa wamemwaga mafurushi kwenye uwanda, lakini hawakuwahi kuyachoma. Ulikuwa mlima. Na yote, kila moja, ya kijani, yameandikwa AMANI IMERUDI.

Hapo mbio zikakata. Watu wakasimama kuuzunguka ule mlima, wanahema. Kila mmoja anataka lake, na hakuna anayeweza kulijua bila kufungua, na kufungua la mwenzio ni mwiko. Tulisimama hivyo jua likitupiga. Watu wazima, mashababi, majenerali wamevua mikanda, na hakuna anayethubutu.

Nikahisi mkono wa shemeji unanitoka.

Mbaruku alikwenda mpaka kwenye mlima akachukua furushi lililokuwa karibu. Akaketi, akavuta fundo. Uwanda mzima ukaguna kwa haya. Ndani mlikuwa na kopo la chumvi, birika, na kishati cha mtoto kilichotiwa kiraka begani. Hakikuwa cha Jaha. Alikigeuza, akakinyanyua juu watu wakione. Midomo yake ikahangaika. Tunu alikuwa amenishika mkono hadi kucha zikaingia.

"Huyu," akasema Mbaruku, na sauti yake ilikuwa na kutu, "huyu alikuwa nani?"

Jamani, kwetu swali ni kitu cha polisi. Hatujawahi kuulizwa kwa ajili yetu.

Mama mmoja wa Kichangani akajitokeza, mnene, aliyekuwa ametukana watu njia nzima. "Wangu," akasema. "Akiitwa Mwinyimvua. Alizaliwa masika." Akakaa chini. Akaanza kueleza, na alipofika palipo pagumu akakwama, na Mbaruku akamngojea. Akaendelea. Alipomaliza alilia kwa sauti, akagaagaa, na hakuna aliyemwambia nyamaza. Kisha mtu mwingine akafungua furushi lingine akainua kilemba cha mzee. "Na huyu alikuwa nani?" Na huko kwingine pia. Na huko. Mwisho uwanda wote ulikuwa unauliza na kujibu, na nchi nzima inalia mchana kweupe, wanaume na nishani zao, na kwa mara ya kwanza nikasikia watoto wachanga wa kwetu wanalia, mmoja, halafu wote, kelele isiyo na adabu kabisa.

Mbaruku aliniuliza na mimi. Nilimjibu. Yangu hayo, nyinyi hayawahusu.

La kwao walilipata jioni. Tunu alitaja kila gauni la Jaha na Mbaruku akataja kila gauni lilichafuliwa na nini. Halafu akainuka, akajipangusa suti, na tulikuwa tumetembea mbali kuelekea nyumbani ndipo dada yangu aliponikonyeza nitazame. Furushi lilikuwa limebaki kulekule. Shemeji alikuwa anatembea akirusha mikono, anaongea, analaumu namna jukwaa lile lilivyojengwa.

*

Mheshimiwa Bulugu alitaka kutangaza kwamba Siku ya Kufungua imefana. Jioni ileile, kabla hatujaondoka, alikuja uwandani na hotuba, na furushi lake kwapani. Mbaruku akamuuliza kama alivyowauliza wengine. Mheshimiwa akafungua kinywa, akasema, "Pacha wangu," akakaa kwenye vumbi mbele ya watu. Alilia vibaya zaidi kuliko wote, kwa sababu hakuwa na mazoezi.

Kesho yake aliona aibu. Keshokutwa likatoka tangazo, nikalisoma mimi. Kwanza, siku ile hakuna aliyekimbia, kwa kuwa hakuna aliyefukuza. Pili, kuuliza "Huyu alikuwa nani?" ni kosa la kuvuruga utulivu wa taifa. Kiti kinachozunguka tumekikosa.

Walimfuata Mbaruku nyumbani akiwa juu ya ngazi anaongeza dirisha. Bwana Tekelo alikuja kwanza kuichukua nishani, maana mtu aliyekamatwa hawezi kuwa nayo, kisha wakamkamata.

Tunu akaja kunipiga. Akanipiga kweli, nami nikatulia anipige. "Alipokuwa kama gogo mlimvika nishani," akasema. "Amerudi kuwa mtu mnamfunga. Mnataka nini nyinyi? Semeni mnachotaka!" 

Humpelekea chakula gerezani kila mchana. Siku za kwanza alirudi analia, mlinzi hamruhusu hata kumwona kwa dirisha. Kisha akaanza kurudi na salamu: shemeji anaongea, shemeji anakula, shemeji anasema ukuta wa gereza umepinda, umejengwa na mtu asiyejua timazi. Jana nilimwona anarudi na bakuli lake limejaa, nikashtuka. Nikamkimbilia.

"Dada, wamemfanya nini?"

"Hawajamfanya kitu."

"Mbona chakula kimerudi?"

Akalitua bakuli kizingitini, akajifuta jasho kwa upande wa kanga.

"Sikumfikia," akasema. "Foleni ya askari mlangoni kwake ilikuwa ndefu, kila mmoja ana kishati au kilemba kakikunja mkononi. Nikawaachia zamu."